Kusimama Dede: Historia ya Mwendo wa Mtoto katika Pwani ya Wabajuni

Katika lugha yetu, kila hatua ya mtoto kuelekea kwenye miguu yake ina neno lake. Kwanza hukaa, kisha hutambaa. Asipotambaa, husota kwa makalio. Siku anapoachia ukuta au kanga ya mamaye na kubaki wima peke yake, magoti yakimcheza, tunasema amesimama dede. Wazungumzaji wa zamani waliziona hatua hizi kuwa na uzito wa kutosha kupewa majina, na hilo ni jambo la kihistoria kama lilivyo la kisarufi.

Makala haya, msomaji mpenzi, yanahusu watoto ambao siku ya kusimama dede ilichelewa, au haikuja kwa njia iliyotarajiwa. Nimechagua kipande cha pwani ambacho vitabu vyetu vya historia hukipita upesi, nacho ni Visiwa vya Bajuni na mji wa Kismayu, kusini mwa Somalia. Swali langu ni dogo. Mtoto mwenye ulemavu wa viungo alipataje uwezo wa kwenda atakako, na kazi hiyo ilifanywa na nani, mtaalamu au jamaa zake? Nitajaribu kuonyesha kwamba katika miaka 60 iliyopita utaalamu wa Afrika Mashariki umekuwa ukirudi nyumbani hatua kwa hatua, na kwamba watu wa visiwa hivi walifungiwa nje ya safari hiyo na vita, umbali na uzembe wa kisiasa.

Tuanze na mahali penyewe. Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na visiwa vingine vidogo vimejipanga sambamba na bara, kutoka upande wa Kismayu kushuka kuelekea mpaka wa Kenya. Wenyeji wake, Wabajuni, ambao pia huitwa Watikuu, huzungumza lahaja ya kaskazini ya Kiswahili na wana jamaa zao Kiunga, Kiwayu, Faza na Lamu. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland, Kismayu ikiwemo. Tangu hapo ukoo mmoja ulijikuta chini ya serikali mbili zenye hospitali mbili na lugha mbili za ofisini. Kwa nasaba, mji mkubwa wa Mbajuni wa Chula ulikuwa Lamu au Mombasa. Kwa sheria, ulikuwa Kismayu na baadaye Mogadishu. Mzazi mwenye mtoto asiyesimama alihitaji kuvuka bahari kwa vyovyote vile, na baada ya bahari kulikuwa na mpaka.

Lakini kabla ya kuuliza hospitali zilikuwa wapi, tuulize kwanza ni nani aliyekuwa akifundisha kutembea wakati hakuna hospitali. Hapa tunao ushahidi mzuri, ingawa umetoka bara na si pwani. Mwaka 1976 mtafiti Mmarekani Charles Super alichapisha matokeo ya utafiti wake miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya. Wakati ule ilidhaniwa kwamba watoto wa Afrika hukaa na kutembea mapema kuliko wa Ulaya kwa sababu ya maumbile tu. Super aliona jambo jingine. Akina mama wale walikuwa wakiwafundisha watoto wao kukaa na kutembea kwa makusudi, kila siku, na lugha yao ilikuwa na maneno maalumu ya mafunzo hayo. Watoto waliwahi katika yale waliyofundishwa, yaani kukaa na kutembea. Katika yale wasiyofundishwa, kama kutambaa, hawakuwa mbele ya wengine. Ukinyanyua mikono ya mtoto na kumwongoza hatua mbili tatu uani, unafanya kazi ambayo katika hospitali inalipiwa. Nyanya zetu waliifanya bila cheti.

Basi ujuzi ulikuwepo, ila ulikuwa ujuzi wa mtoto mzima wa viungo. Mtoto ambaye ubongo wake uliumia wakati wa uzazi mgumu, au kwa homa ya manjano ya siku za mwanzo, au kwa uti wa mgongo, hakufuata ratiba ya nyanya. Mtoto aliyepooza mguu kwa polio alikuwa tayari anatembea, kisha homa ya siku chache ikamrudisha chini. Kwa hao, mafunzo ya kawaida yalishindwa, na yaliposhindwa familia nyingi zilibaki na njia moja: kumbeba. Kubeba ni mapenzi, sina ubishi. Lakini mtoto abebwaye huenda anakokwenda mbebaji, na anapofika miaka 6 au 7 mgongo wa mama hauwezi tena. Hapo ndipo wengi walipobaki ndani.

(Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini kiwete, kipofu na kiziwi yako katika ngeli ya KI-VI pamoja na kiti na kijiko. Nawajibu kwamba upatanisho wake hufuata viumbe hai, tunasema kiwete amekuja wala si kiwete kimekuja. Wao huniangalia kwa mashaka, na wana haki.)

Hatua ya kwanza ya utaalamu katika kanda yetu ilitokea Kampala. Katika miaka ya 1960, daktari wa mifupa Ronald Huckstep, akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, alikabiliana na umati wa watoto wa Uganda waliokuwa wakitambaa kwa mikono na magoti kwa sababu ya polio. Vyuma vya miguu vilivyoagizwa kutoka Ulaya vilikuwa ghali na vizito. Huckstep akaanzisha vyuma rahisi vya kutengenezwa papo hapo, kwa fimbo za chuma, ngozi na viatu vya mbao, ili fundi wa karakana ya kawaida aweze kuvitengeneza na kuvirekebisha. Mwaka 1975 kitabu chake cha mwongozo kuhusu polio kwa nchi zinazoendelea kikachapishwa. Watoto waliokuwa wakitambaa walisimama.

Hata hivyo njia ya Mulago ilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo unaonekana ukiifuata safari ya mtoto baada ya kutoka hospitali. Mtoto hukua, chuma hakikui. Kamba ya ngozi hukatika. Zaidi ya hayo, mguu uliopooza ukikaa umekunjwa siku nzima, misuli na kano hufupika, goti likajifunga katika pembe, na hata chuma kizuri hakiingii tena mpaka mtoto apasuliwe upya. Dawa ya kuzuia hilo si ya ajabu. Ni mikono inayonyoosha goti na kifundo taratibu kila siku, na namna ya kumlaza na kumkalisha mtoto. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Familia iliyobahatika kumwona mtaalamu nusu saa kwa mwezi ilibaki na saa 719 na nusu. Ama familia ilijua la kufanya katika saa hizo, ama upasuaji ulikuwa wa bure.

Fikra hii ndiyo iliyoibadilisha dunia baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 kuhusu afya ya msingi. Shirika la Afya Duniani lilianza kuandaa mafunzo ya utengamao unaofanyika katika jamii yenyewe, badala ya taasisi za mjini. Mwaka 1989 likatoa mwongozo kamili ulioandikwa na Einar Helander, Padmani Mendis, Gunnel Nelson na Ann Goerdt. Mendis alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo kutoka Sri Lanka, na alikuwa ameona kwa macho yake vijiji visivyo na mtaalamu hata mmoja. Katika mwongozo ule, mkufunzi wa mtoto ni mtu wa familia yake. Msimamizi wa kijijini humtembelea, na mtaalamu husimama nyuma yao akijibu maswali magumu. Mama aliyekuwa akisubiri kwenye benchi aliitwa kazini.

Afrika Mashariki haikuchelewa kulipokea wazo hilo. Kenya ilikuwa na Chama cha Walemavu wa Viungo tangu 1958, na karakana yake ya Bombolulu ilifunguliwa Mombasa mwaka 1969. Tanzania ilianzisha chuo cha mafundi wa viungo bandia na vyuma vya miguu pale Moshi mwaka 1981, ambacho kimefundisha wanafunzi wa nchi nyingi. Zanzibar, watu wenye ulemavu waliunda umoja wao katika miaka ya 1980, na kazi ya kuzitembelea familia shehiani ikawa sehemu ya shughuli zao. Mtu angeweza kutumaini kwamba baada ya Lamu ingefuata Kiunga, na baada ya Kiunga, Chovai.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka. Wabajuni, watu wasio na jeshi wala ukoo wenye silaha, walivamiwa na kuporwa mashua na nyumba. Wengi walikimbia kwa bahari hadi Kiunga, Lamu, Malindi na Mombasa, wengine wakafa njiani. Kambi ya Jomvu, pembezoni mwa Mombasa, ikawa makao ya Wabajuni. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 kambi za pwani zilifungwa. Baadhi ya wakimbizi walirudi visiwani, wengine wakapelekwa kambi za bara. Historia hii imeandikwa, ingawa kwa uchache, kama historia ya ardhi, silaha na hifadhi. Mimi naomba tuisome pia kwa jicho la mtoto asiyetembea. Familia inapokimbia usiku, mtoto wa miaka 8 aendaye kwa miguu hushikwa mkono; mtoto wa miaka 8 asiyetembea ni mzigo wa mtu mzima mmoja. Katika jahazi lililojaa, hesabu hiyo ni ya kutisha, na sitaiendeleza. Lakini kuna kinaya hapa. Kwa miaka ile michache, Jomvu ilikuwa katika mji uleule wa Bombolulu. Vita ndivyo vilivyowasogeza watu wa visiwa karibu na wataalamu wa viungo kuliko amani ilivyowahi kufanya, na kufungwa kwa kambi kukawatenga tena.

Vita vilifanya jambo jingine: vilirudisha polio. Somalia ilikuwa imeona mgonjwa wake wa mwisho wa virusi vya asili mwaka 2002. Mwaka 2005 virusi viliingia upya kutoka nje, na mpaka 2007 watu 228 walikuwa wamepooza. Nchi ikasafishwa kwa kazi kubwa ya Wasomali wenyewe, wengi wao wanawake waliopita nyumba kwa nyumba wakiwa na matone. Kuanzia 2009 kundi la al-Shabaab lilizuia kampeni hizo katika sehemu kubwa ya kusini, na watoto wapatao nusu milioni wakawa hawafikiwi. Mwaka 2013 ugonjwa ulilipuka Mogadishu, ukavuka hadi Dadaab. Somalia ilihesabu wagonjwa 194 mwaka huo, na Kenya 14. Vita havikuuliza mpaka uko wapi, na virusi havikuuliza. Watoto wale waliopooza 2013 sasa ni vijana, na kila mmoja wao alikuwa na saa zake 719 na nusu kila mwezi.

Wakati huohuo, mahali pengine katika kanda yetu, ushirikiano wa mzazi na mtaalamu ulikuwa ukipata ushahidi wake ulio wazi kupita wote. Watoto wengine huzaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani. Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, aligundua kwamba mguu huo hauhitaji upasuaji mkubwa. Hunyooshwa kwa mkono na kufungwa plasta, ambayo hubadilishwa kila wiki kwa muda wa wiki tano au zaidi. Uganda ilianza kuitumia njia hiyo mwaka 1999, na ikaonekana kwamba hata maofisa wa tiba wasio madaktari huweza kuifanya vizuri wakifundishwa. Lakini plasta ni mwanzo tu. Baada yake mtoto huvaa viatu viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, karibu mchana kutwa na usiku kucha kwa miezi mitatu, kisha usiku tu mpaka afikie miaka 4 hivi. Usiku huo hakuna daktari. Yuko mama, baba, au shangazi, na mtoto anayelia kwamba hataki viatu. Miguu inayorudi kupinda aghalabu ni ile ambayo viatu viliachwa. Sijui mfano mwingine ambao sehemu ya kazi ya kila mmoja inaonekana wazi namna hii.

Kilifi, kaskazini mwa Mombasa, watafiti walikwenda kuwauliza walezi wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa 2011 na miaka iliyofuata hayakuwa ya kufurahisha sana. Walezi, wengi wao wanawake, walieleza uchovu, umaskini, maneno ya majirani na hofu ya kesho ya mtoto. Kutokana na kazi hiyo viliundwa vikundi vya walezi vya kujisaidia, ambamo akina mama walichanganya biashara ndogondogo na kupeana mbinu za kumlea mtoto. Hapa nina neno kwa wale wanaoandika miradi. Mnaposema familia, aghalabu mnamaanisha mama. Mwongozo wa 1989 ulikosolewa, na ukosoaji ulikuwa wa haki, kwamba ulimpa mama kazi mpya bila kumpunguzia ile ya zamani. Miongozo mipya ya 2010 ilipanua macho ikataja elimu, riziki na haki. Mama anayenyoosha magoti ya mtoto huku chungu kikiungua na samaki wakisubiri kuuzwa hahitaji karatasi nyingine ya mazoezi. Anahitaji mtu wa kumshikia chungu.

Kuna swali ambalo wataalamu wenyewe walichelewa kuliuliza. Je, lengo ni mtoto atembee, au lengo ni mtoto aende? Kwa muda mrefu kiti cha magurudumu kilionekana kama kushindwa, kitu cha kupewa mtoto baada ya miaka ya kujaribu miguu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Marekani, Charlene Butler na wenzake walionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitatu huweza kuendesha viti vya mota. Mwaka 2000 Joseph Campos na wenzake walikusanya ushahidi kwamba mtoto anapoanza kujisogeza mwenyewe, akili yake nayo hubadilika, jinsi anavyopima kina, anavyotafuta kilichofichwa, anavyowasoma watu usoni. Katika Chuo Kikuu cha Delaware, Cole Galloway alianzisha mradi ambamo wazazi na wataalamu wa viungo huketi pamoja kurekebisha magari ya betri ya kuchezea, ili mtoto asiyetembea ajiendeshe mwenyewe kabla ya umri wa shule. Mzazi aliyefunga waya kwa mkono wake hujua kuurekebisha ukikatika.

Gari la betri halitafika mbali Chovai. Magurudumu membamba ya kiti cha hospitali huzama mchangani hatua tatu kutoka mlangoni. Kiti cha magurudumu matatu, lenye gurudumu pana mbele na umbo refu, hupita mchangani vizuri zaidi, na viti vya aina hiyo vimetengenezwa katika kanda yetu. Lakini hata hicho ni lazima kipandishwe mashuani, na mara nyingi abiria hupanda kwa kukanyaga maji. Mtaalamu anayefika na kiti bila kwanza kukaa na familia kuuliza mtoto anataka kwenda wapi, chuoni, ufukweni kwa wenzake, au chooni peke yake bila kubebwa, ataacha nyuma yake chombo kizuri cha kuanikia nyavu. Fundi wa mashua, kwa upande wake, anajua mbao zipi zinastahimili chumvi. Ufuo wa Wabajuni umejaa mafundi, na fimbo mbili sambamba za kujifunzia kusimama, au kigari cha mbao cha kusukuma, si kazi inayowashinda.

Tuseme na upande wa sheria, maana ukurasa huu ni wa uraia. Somalia iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 2015, miaka 26 baada ya kupitishwa. Kifungu cha 23 kinamhusu mtoto mwenye ulemavu. Mwaka 2018 iliunda kwa sheria wakala wa taifa wa watu wenye ulemavu, na mwaka 2019 ikaridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 20 kinasema kuhusu uwezo wa mtu kwenda mwenyewe. Kenya iliridhia mkataba huo 2008 na Tanzania 2009. Vituo vitatu vya utengamao vya Hilali Nyekundu ya Somalia viko Mogadishu, Galkayo na Hargeisa. Kutoka Kismayu hadi Mogadishu ni kilomita zipatazo 500 za barabara isiyo salama, na kabla ya Kismayu, kwa mtoto wa Koyama au Chula, kuna bahari. Mombasa wako vijana Wabajuni, watoto na wajukuu wa waliopita Jomvu, wanaosoma vyuo vya afya na kuijua lahaja ya nyanya zao. Mmoja wao akihitimu tiba ya viungo, atahitaji kibali, mshahara, usalama na nauli ya mashua ili afike kwa mama anayeulizia, kwa Kibajuni, ni lini mwanawe atasimama dede.